Mtoto Aliyetazama Midomo

Sanduku lilinunuliwa bila mimi kuambiwa. Nilirudi kutoka sokoni Masii jioni nikalikuta nyumbani kwa mama mkwe, sanduku la bati, buluu, jipya, la aina ile wanayobeba watoto wa bweni. Binti yangu alikuwa amelikalia, anakula muthokoi huku akining'iniza miguu, hana habari kwamba amekalia safari yake mwenyewe.

"Hili ni la nini, mwaitu?" niliuliza. Sisi Wakamba ndivyo mke anavyomwita mama wa mumewe, mwaitu, yaani mama yangu, hata siku ambayo mdomoni kuna neno lingine kabisa.

"La bweni. Shule zikifunguliwa, huyu anaenda. Huko watamnyoosha."

"Kwani amepinda wapi?"

 Mama mkwe alichukua sahani ya mtoto, akaiangalia kama imeisha, akaenda nayo jikoni.  Mimi si mtu wa kunyamaza na ukoo ulionioa unalijua hilo, lakini boma ni lake, shamba ni lake, na mume wangu, anayefanya kazi kiwandani Athi River na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, nilipompigia simu alisema lile analosema siku zote: "Ongea na mama." Na mama alikuwa ameshaongea.

Binti yangu alikuwa gredi ya nne. Ni mzaliwa wangu wa kwanza wa kike, kwa hiyo alipewa jina la mama wa baba yake, kama desturi inavyotaka. Baba yake mwenyewe humwita mwaitu, na mzee yeyote wa boma akimwita mtoto huyu, nyanya yake hugeuka pia. Kwa hiyo kila mara walimu walipolalamika juu ya jina hilo, mama mkwe aliona ni yeye anayelalamikiwa. Mwanamke aliyelea watoto wanane na kuongoza kikundi cha akina mama tangu nikiwa sijui kufunga kamba ya kiatu, leo jina lake linasomwa ofisini kwa mwalimu mkuu pamoja na majina ya wakorofi. Nilimwelewa, ingawa wakati ule nisingekubali hata kwa kiboko.

Tangu akiwa mdogo, mtoto huyu alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mdomoni. Ukimwambia kitu alikukazia macho, uso umeinuka, midomo yake mwenyewe ikicheza kidogo. Kwetu hilo ni jambo baya. Mtoto akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho. Anayekukazia macho anakupima, na mtoto hampimi mzee. Mama mkwe alilishughulikia jambo hilo kwa subira, bila kumpiga. Aliweka kidole kwenye utosi wa mtoto na kukisukuma chini taratibu mpaka kichwa kiiname. "Angalia chini nikiongea na wewe." Kidole hicho kilifanya kazi miaka miwili. Mtoto akajifunza, wageni wakamsifu, na mimi pia nilisikia raha kuwa na msichana mwenye adabu.

Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo mambo yalipoharibika shuleni, ila hakuna aliyeunganisha hayo mawili. Wewe ungeunganisha?

Mwalimu wake wa darasa aliniita. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hiyo hakucheka. "Mama, huyu mtoto akiwa na mimi peke yake ofisini, ananijibu kila kitu. Akirudi darasani, ni kama ameenda Katangi akaniachia yunifomu. Nikisema wafungue kitabu na wafanye zoezi la pili, yeye anafungua kitabu halafu anaangalia jirani. Mvua ikinyesha kwa mabati, hapo hata sisumbuki na yeye."

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule, na kitu kama hicho nilikuwa nakiona kwangu. Jioni alikuwa akija kukaa kando ya cherehani yangu. Nikimsemesha huku napiga pedali, alisema, "Ati?" Nikirudia, "Ati?" tena. Nikisimamisha mguu, gurudumu likatulia, alinijibu vizuri, tena kwa maneno mengi, maana ni mtoto mwenye hadithi. Nilidhani ananichezea. Nilimwambia mara nyingi kwamba ataniua na hiyo ati yake.

Kilicholeta sanduku, hata hivyo, ni mwethya. Mwethya ni kikundi chetu cha kazi: akina mama wanakusanyika shamba la mmoja wao, wanamchimbia mitaro ya kuzuia maji yasibebe udongo, kisha zamu inahamia kwa mwingine. Bila mitaro hiyo milima yetu ingekuwa imeshahamia mtoni. Mama mkwe ndiye kiongozi. Magoti yake yamekwisha, hachimbi tena. Husimama juu ukingoni na fimbo yake na kupanga watu, na hakuna anayembishia.

Siku hiyo tulikuwa kwa jirani. Wanawake wamejipanga mtaroni, majembe yanapanda na kushuka, wimbo umekolea, wengine wanacheka, wengine wanasengenya. Katikati ya kelele hizo mama mkwe alimwita mjukuu wake na kumtuma: aende nyumbani alete jembe la mpini mpya, apitie jikoni awaambie wapishi waongeze maji ya chai, na akirudi apite kwa jirani mwingine achukue panga. Mtoto alisimama mbele yake kwa heshima zote, kichwa kimeinama, macho kwenye vidole vya miguu yake. Akaenda. Akarudi mikono mitupu, akasimama pale pale alipokuwa amesimama.

"Jembe liko wapi?" 

Mtoto aliificha mikono nyuma.

"Nimekutuma nini?"

Mtoto aliinua macho akamtazama nyanya yake mdomoni, akakumbuka adabu, akayashusha haraka. Mama mmoja mtaroni akasema, si kwa ubaya, watu husema tu, "Aiya! Jina limepatikana, lakini mwenye jina hajaja." Kicheko kikapita kwenye mstari wote. Mama mkwe hakucheka. Alimshika mtoto mkono, akamketisha kivulini, akaendelea kupanga kazi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Juma lililofuata sanduku likaja.

Mimi nilikuwa na likizo hiyo tu ya kufanya kitu. Nilimpeleka hospitalini kwa mtaalamu wa masikio. Alimvisha vifaa masikioni, akamwambia ainue mkono kila anaposikia mlio, hata ule mdogo kabisa. Mtoto aliinua mkono, akainua, akainua, kama mwanafunzi bora wa darasa. Yule mtaalamu akaniambia masikio ni mazima, anasikia mpaka milio ambayo mimi na yeye huenda tusiisikie. Nilifurahi na nikaumia kwa pamoja. Nilikuwa nimemwomba Mungu mtoto asiwe kiziwi, na Mungu akanipa nilichoomba, na sasa sikuwa na neno la kumtetea mtoto wangu.

Kabla hatujatoka, aliniuliza tatizo hasa ni nini. Nikamweleza: cherehani, mabati, ofisini anajibu, darasani hajibu. Aliacha kuandika. Akasema kuna watoto ambao masikio yao hupokea sauti vizuri, lakini ubongo unachelewa kuipanga, hasa penye kelele au maneno mengi yakija kwa haraka. Kipimo cha mlio hakiwezi kuonyesha hilo. Akanielekeza kwenye kituo cha kupima watoto mjini Machakos.

Nyumbani, mama mkwe alichukua alichotaka katika habari yangu. "Masikio ni mazima?"

"Ni mazima, lakini—"

"Basi. Sikio la kufa halisikii dawa." Nilipotaja kipimo cha pili, alisema atakuja. Msidhani alikuja kwa kunisindikiza. Alikuja ili nisimnunulie mtoto ugonjwa.

Mpimaji alikuwa dada mmoja kijana, mtu wa pwani kwa jinsi alivyoongea, mwenye sauti ya chini. Aliuliza mengi kabla ya kugusa kifaa chochote. Mtoto alizaliwaje? Aliwahi kutoka usaha masikioni? Aliwahi, akiwa mdogo, mara nyingi, nasi tukawa tunapangusa na kungoja. Kusoma je? Kulala je? Anakaa sehemu gani darasani? Nyuma, karibu na dirisha la barabarani, kwa sababu ni mrefu. Alimwekea milio, mwembamba na mnene, akamwambia aseme ulioanza ni upi na uliofuata ni upi. Mtoto aliichanganya. Alimwekea namba mbili kwa wakati mmoja, hii sikio hili na hii sikio lile. Alizipata za upande mmoja, za upande wa pili zikampotea. Halafu yule dada akavua vifaa na kutuuliza, "Nyumbani anaongea lugha gani?"

"Kikamba," nilisema.

"Ndiyo maana nasita. Sentensi nilizo nazo ni za Kiingereza na Kiswahili. Akikosea, sitajua ni lugha au ni jambo lenyewe. Nahitaji mtu wa kumsemesha kwa Kikamba."

Nilikuwa nimeshainuka. Akanizuia kwa mkono, akatabasamu. "Siyo wewe, mama. Akina mama huwasaidia watoto kwa nyusi." Akamgeukia mama mkwe. "Bibi, wewe naona hutamwonea huruma."

"Simwonei," alisema mama mkwe, akavuta kiti mbele, akarekebisha kitambaa cha kichwa kama anayeitwa kusoma somo kanisani.

Mezani kulikuwa na kikombe, kijiko, kitabu na mpira. Kazi ya nyanya ilikuwa kusema maagizo mafupi: weka kijiko ndani ya kikombe, weka mpira juu ya kitabu, na kadhalika. Kwanza chumba kikiwa kimya. Mtoto alifanya yote bila kukosea. Mama mkwe aliniangalia, na jicho lake lilisema, unaona sasa?

Kisha yule dada akafungua redio, akaiweka kati ya stesheni mpaka ikawa inakoroma tu. "Endelea, bibi, sauti ile ile. Na wewe, mtoto mzuri, mwangalie nyanya." Mtoto hakuamini. Ilibidi aambiwe tena ndipo akainua uso. Alikosea mara chache. Yote mengine aliyapata, midomo yake ikicheza kidogo kama zamani.

"Sasa chukua hili, bibi, ufunike mdomo." Alimpa leso. Mama mkwe akaishika mbele ya mdomo wake na kusema maneno yale yale. Na hapo, mbele ya macho yetu, mtoto akapotea. Mkono ulikwenda kwenye kikombe, ukasimama, ukarudi. Alichukua mpira akaushika tu. Alinitafuta kwa macho, na mimi nilikuwa nimeambiwa nisisogeze hata kope. Nilikaza mikono chini ya mkoba wangu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa kimya.

Mama mkwe alishusha leso. "Sisemi vizuri. Kitambaa ni kizito."

"Inawezekana," alisema yule dada, bila kubishana. "Tukiondoe. Nyumbani ukimtuma, huwa anaangalia wapi?"

"Chini. Ni mtoto mwenye heshima."

"Mwambie basi aangalie chini, kama nyumbani."

Mama mkwe hakuhitaji kusema. Aliinua kidole tu, kile kile, na kichwa kikainama chenyewe. Redio ikakoroma. Akasema agizo la kwanza, mdomo wazi, sauti ya kuongozea mwethya. Mkono wa mtoto haukusogea. Akasema la pili. Mtoto akagusa kijiko, kwa kubahatisha. La tatu mama mkwe hakulimaliza. Alikaa na kidole chake hewani, akakitazama, kisha akakificha ndani ya ngumi.

Yule dada alizima redio. Alitueleza polepole, na kwa mara ya kwanza niliona mtaalamu akimweleza mama mkwe badala ya kunieleza mimi niliyesoma kidogo. Mtoto si mkaidi wala si mjinga. Kelele ikiwepo, maneno yanamfikia yamechanganyika na kila kitu kingine, na amekuwa akijisaidia kwa kusoma midomo, bila kufundishwa na mtu. Alisema siku moja haitoshi kuliita jambo kwa jina lake, mtoto atarudi kupimwa tena, na ataangaliwa na mambo mengine yanayofanana na hili, kama umakini na kusoma. Lakini kuna vitu havingoji: akae mbele, mbali na dirisha, aguswe bega kabla ya kusemeshwa, aambiwe jambo moja, alirudie, ndipo aambiwe lingine, na aone uso wa anayesema.

"Na bweni?" niliuliza. Niliuliza mimi kwa sababu nilijua mwingine hataliuliza.

Yule dada alihesabu kwa vidole. "Kengele, mabati, watoto wengi wakiongea pamoja, na mtu mgeni akitoa amri mlangoni. Mnaweza kujaza wenyewe."

 Nilipomnunulia mama mkwe chai mjini aliiacha ipoe. Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa mbuzi wake. Nilingoja kesho, nikangoja kesho kutwa. Sanduku lilibaki pale pale, na juu yake palikuwa pameongezwa soksi mpya. Kumwuliza sikuthubutu, maana nilijua nikifungua mdomo nitasema yote, na yakishasemwa hatutaweza kuishi boma moja. Usiku nilikuwa nawaza namna ya kuondoka na mtoto, nikapange chumba sokoni, nishone huko. Nilimwogopa yule mama, na nilimchukia, na wakati huo huo sikuweza kusahau kile kidole kikiingia ndani ya ngumi.

Kisha zamu ya mwethya ikafika shambani kwetu, siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Akina mama walikuja wote. Wimbo ulipoanza nilikuwa mtaroni na jembe langu, na mama mkwe ukingoni na fimbo yake, kama kawaida. Mtoto alikuwa akisambaza maji ya kunywa.

Nyanya akamwita. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena. Nikaona mabega ya wanawake wawili yakianza kucheka, nikasimamisha jembe. Mama mkwe akamwendea mwenyewe, akamgusa begani. Mtoto akageuka, na kabla hajaambiwa lolote, akainamisha kichwa.

"Niangalie," alisema nyanya.

Mtoto akazidi kuinama. Miaka miwili ya kidole haifutwi na neno moja, tena mbele ya wanawake wote wale.

"Mwana wakwa, niangalie mimi, hapa mdomoni."

Hakuweza. Niliona shingo yake ikikakamaa kwa woga, nami nilitaka kupanda nimchukue.  Mama mkwe akaiangusha fimbo, akashika bega la mama aliyekuwa karibu, akaketi ukingoni, akateremka mtaroni kwa makalio, udongo ukimporomokea kwenye sketi. Wimbo ukakatika. Kiongozi hakuwa ameingia mtaroni tangu magoti yake yalipokataa. Alijinyoosha taratibu, akashika ukuta wa udongo, akainua uso. Mtoto alikuwa amesimama juu yake ukingoni, kichwa kimeinama kwa heshima kama alivyofundishwa, na pale chini alipokuwa akiangalia sasa palikuwa na uso wa nyanya yake.

"Unaniona?"

"Naona, susu."

"Enda kwa nyumba. Utoe nguo zako kwa lile sanduku. Sema."

"Nitoe nguo zangu kwa sanduku."

"Uzirudishe kwa mama yako. Sema."

Mtoto alinitupia jicho, akarudi kwenye midomo ile. "Nirudishe nguo kwa mama."

"Halafu uniletee sanduku hapa, nataka kuweka mbegu. Panya wamezidi."

Mtoto alirudia yote, neno kwa neno, na sauti yake ikasikika mpaka mwisho wa mtaro kwa sababu hakuna aliyekuwa akipumua kwa nguvu. Akakimbia. Mama mkwe alisimama pale chini, ameegemea udongo, hataki kuangalia mtu. "Mnangoja nini?" aliwafokea wanawake. "Chimbeni. Ila msiimbe kwanza, mpaka mtoto arudi." Tukachimba bila wimbo. Nilikuwa nalia wazi, makamasi na yote, na nilimshika mama mkwe mkono nikidhani atautoa, lakini hakuutoa.

Baada ya muda tukamsikia anakuja, akiburuta sanduku tupu, likigonga mawe njia nzima.